Kimya Hakiandikwi

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Mheshimiwa akisema, napiga chapa;
akikohoa, naacha; akitukana, namsubiri Spika
nijue tusi limefutwa au limekaa.
Miaka kumi na mmoja, chumba cha chini, Barabara ya Bunge,
dirisha moja linalotazama matairi ya magari yao.

Sheria zangu ni chache. Wakicheka naandika (Kicheko).
Wakigonga meza naandika (Makofi),
ingawa iliyopigwa ni meza, na haikuwa na kosa.
Anayelala haandikwi.
Anayemenya njugu nyuma ya karatasi za bajeti haandikwi.
Siwa imelala pale mbele, imeng'arishwa;
ndiyo pekee yenye ruhusa.

Jumanne alasiri palikuwa na Mswada wa Vyoo vya Shule.
Namba yake niliijua kwa moyo.
Binti yangu Khavetsa, gredi ya sita, kule Mukuru,
hanywi chai asubuhi. Hanywi hata maji.
"Mama, nikinywa nitataka kwenda, na kule hakuendeki."
Saa kumi anarudi kichwa kinamgonga,
anashika jagi kabla hajanisalimu.

Basi nikaketi wima. Nikavaa visikizio.
Mheshimiwa Mulwale akasimama:
"Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika!
Mwenzangu wa upande ule hana soksi."

(Kicheko.)

Nikadhani ni la dakika moja.
Spika akashusha miwani, akaagiza kitabu.
Kitabu kikaletwa, kinene, ngozi imebabuka,
kilichoandikwa na watu wa nchi ya baridi
ambao vidole vyao vya miguu vilikuwa na sababu.
Je, mavazi ya heshima yanafika hadi kifundoni?
Mmoja akataja desturi za Bunge mama.
Mmoja akasema babu yake alikuwa chifu, na pekupeku.
Mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, kama zile soksi fupi
zinazojificha ndani ya kiatu
ni soksi au ni uongo.

(Makofi.)

Mshtakiwa akapandisha suruali, akanyoosha mguu,
akasema ngozi yake ni ya Kiafrika na haimwombi mtu radhi.
(Makofi. Kicheko. Zogo.)
Mpambe akamtoa nje, robo saa,
akamrudisha amevaa soksi za dereva wake.
Wakamshangilia kama bwana harusi.
Nami, herufi kwa herufi, naandika,
huku nikimuwaza yule dereva kule maegeshoni,
Julai hii ya baridi,
unyayo mtupu ndani ya kiatu cha mtu mzima.

Ilikuwa saa moja kasorobo Mswada ulipoitwa.
Akasimama mbunge mgeni, mama mwembamba,
karatasi zikimtetemeka mkononi:
"Mheshimiwa Spika, wasichana mia nne, choo kimoja, na mlango wake —"
Kengele. Mtu ameuliza kuhusu akidi.
Wakahesabiwa: ishirini na watatu.
Mulwale hakuwemo. Hata zile soksi hazikuwemo.

Yule mama hakuketi mara moja.
Alibaki wima, mdomo wazi kwenye neno "mlango",
na katika visikizio nilisikia kitu
ambacho kwa miaka kumi na mmoja sijakisikia mle.
Vidole vikanitangulia. Nikaandika (Kimya).

Bi. Kemunto, mhariri wangu, ana kalamu nyekundu
na pensheni ya kulinda. Akakikata.
"Dada, kimya hakiandikwi. Nani alikisema?"

Kwenye lango, askari Lokwang akaniuliza kama kawaida,
"Leo wametupitishia nini?"
Nikamwambia. Akacheka sana,
kisha akatazama miguu yake mwenyewe, akanyamaza.

Nyumbani nilikuta Khavetsa amelala
na jagi limefunikwa kifudifudi mezani.
Nikalijaza. La kesho, saa kumi.